Picha ya mapenzi inayopiga kona katikati: uwawekee watu wako ipi?

Kuna picha za mapenzi zinazoanza kwa nyimbo na kwisha kwa risasi. Mtu anakaa mbele ya skrini akingoja mvua, mashairi na macho ya haya, na baada ya saa moja na kitu amekumbatia mto, hajui nani atabaki hai. Picha za namna hii zinafaa sana kuangaliwa kwa pamoja. Anayependa mapenzi anapata yake, na anayependa mapambano haondoki mikono mitupu.

Shida iko kwenye kuchagua. Wengi huchagua kwa jina la stelingi, kisha hushangaa mbona nusu ya watu wameondoka kabla ya mwisho au mbona watoto wamelia. Picha inayobadilika katikati huchaguliwa kwa kona yake. Ujue kona inapigwa wakati gani, inapigwa kwa ghafla au kwa taratibu, nusu ya kwanza imeiandalia njia au la, na wale uliowaalika wana subira ya kuifikia au kifua cha kuihimili.

Zinazolinganishwa hapa ni Fanaa (2006), Kaho Naa... Pyaar Hai (2000) na Baazigar (1993) kutoka India, na Vertigo (1958) na Something Wild (1986) kutoka Marekani. Mwishoni imo na moja ya kwetu. Kona za picha hizi zitatajwa, maana bila ya hivyo hakuna ulinganisho. Namna zinavyokwisha hazitatajwa.

Kwanza, intavali

Mtazamaji wa Zanzibar kalelewa na intavali. Tangu enzi za majumba ya sinema ya Majestic pale Vuga, Empire na Cine Afrique, picha la Kihindi lilikuwa na sehemu mbili, na katikati watu walitoka nje, wakanunua njugu, wakabishana, kisha wakarudi. Watengenezaji wa India wanalijua hilo, na picha zao nyingi huweka tukio kubwa kabisa dakika chache kabla ya taa kuwaka. Kona ikikaa pale, watu wanapata robo saa ya kuipokea. Mama anamuuliza binti, kijana anakisia, mzee anasema "nilijua tangu mwanzo". Wakirudi kukaa wameshakubali kuwa sasa wanaangalia kitu kingine.

Picha za Marekani hazina pahala pa kupumzika. Kona inapigwa huku gari linakwenda. Kwa mtu mmoja au wawili waliotulia hilo ni raha kubwa. Kwa uani wenye watu thelathini ni hatari, kwa sababu sekunde ile ile ndipo mtoto anapolia, mtu anapopitisha sahani ya mishkaki, na anayeuliza "kumetokea nini?" anaulizwa na yeye "kwani wewe hukuona?"

Fanaa: kutoka jua la Delhi hadi theluji

Hii imeongozwa na Kunal Kohli chini ya Yash Raj Films, na wakuu wake ni Aamir Khan na Kajol. Urefu wake ni dakika 169. Zooni ni msichana wa Kashmir asiyeona, amekwenda Delhi na wenzake kucheza ngoma katika sherehe za Siku ya Jamhuri. Rehan ndiye anayewatembeza mjini. Nusu ya kwanza ni kutongozana kwa mashairi mbele ya magofu na minara, na nyimbo za Jatin-Lalit, ambazo ndizo za mwisho walizotunga pamoja. Karibu na katikati Zooni anatibiwa macho na kuanza kuona, kunatokea mripuko, anaambiwa Rehan amekufa, na sisi watazamaji tunaonyeshwa kuwa Rehan ni mtu mwingine kabisa. Miaka saba inapita. Jua linaondoka, linabaki theluji, nyumba moja, baba, mtoto mdogo, na mgeni aliyejeruhiwa anayebisha hodi.

Uzuri wa kona hii ni kuwa inageuza kila kitu kwa pamoja: rangi, hali ya hewa, idadi ya watu na kasi. Delhi imejaa watu, nyimbo na vitambaa vya rangi. Theluji ina watu wanne ndani ya nyumba moja, na simu au redio ya mawasiliano inakuwa kitu cha kutisha kuliko bunduki. (Theluji yenyewe ilipigwa picha Poland, kwenye milima ya Tatra.) Mtu akichungulia dakika kumi za kila upande hatoamini kuwa ni picha moja, lakini aliyekaa tangu mwanzo anavuka bila ya kujikwaa. Sababu ni kuwa mashairi ya nusu ya kwanza yalikuwa yakizungumzia kupotea ndani ya mapenzi, na jina lenyewe limetoa onyo. Aliyesoma chuoni ataisikia humo Suratu Rahman, "kullu man 'alayha fan". Neno lina asili moja: kutoweka, kutobakia.

Udhaifu wake upo, na utaulizwa barazani, kwa hiyo ujiandae. La kwanza ni kubahatika: katika milima yote ile, majeruhi anaangukia mlango ule ule. La pili ni sauti. Asiyeona humjua mtu kwa sauti kuliko sisi tunavyomjua kwa uso, sasa vipi Zooni hakumtambua mara moja? Picha inategemea kuwa ameaminishwa miaka saba kwamba huyo mtu yuko kaburini. Wenye moyo wa mapenzi watalikubali hilo, wenye moyo wa polisi hawatolikubali. La tatu ni kuwa baada ya kona, hofu haipandi moja kwa moja. Picha inapumzika tena ndani ya nyumba, na mtoto mdogo anachekesha kwa muda mrefu. Hapo ndipo vijana wanapoanza kushika simu. Hofu inarudi na haiondoki tena, ila lazima uwaombe subira.

Na jambo jengine: Rehan ni mtu wa kundi lenye silaha linalopigania Kashmir, kundi lililobuniwa kwa ajili ya picha tu. Ukiwa na mchanganyiko wa watu wanaofuatilia siasa za India na Pakistan, mjadala utakuwa mrefu kuliko picha. Wapo pia watakaokumbuka kuwa majumba ya sinema ya Gujarat hayakuionyesha mwaka ule. Sababu haikuwa hadithi, ilikuwa kauli za Aamir Khan kuhusu waliohamishwa na bwawa la Narmada.

Kajol alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hii, na aliistahiki. Tazama mikono yake katika nusu ya kwanza: inafika kabla ya macho, inagusa ukingo wa kila kitu. Nusu ya pili anaona, lakini mikono bado inatangulia. Kona ya picha imepita, mwili wa Zooni haujasahau.

Baazigar: kona ya mchana kweupe

Hii ndiyo kali kuliko zote za Kihindi zilizomo hapa, na ndiyo inayokosewa sana kuchaguliwa, kwa sababu nyimbo zake zinapigwa harusini hadi leo na watu hudhani picha nayo ni ya harusi. Waongozaji ni ndugu wawili, Abbas na Mustan. Shah Rukh Khan alipata hapa tuzo yake ya kwanza ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kiume, na Anu Malik akapata ya muziki. Mzizi wa hadithi ni riwaya ya Ira Levin ya mwaka 1953, iliyokwisha kutengenezewa picha Marekani.

Kijana anawapenda dada wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa siri ya mwenzake. Seema, anayeigizwa na Shilpa Shetty, anaambiwa wakafunge ndoa ya serikali. Kabla ya hapo, kwa mchezo wa wapenzi, ameandikishwa barua ya kusema anajiua. Wanafika ofisini, hawahudumiwi saa ile, wanapanda juu ya paa kupoteza wakati. Mji uko chini yao, jua kali, Seema kavaa vizuri na anacheka. Kijana anamkalisha ukingoni kama mtu anavyomkalisha mtoto juu ya meza. Kisha anamsukuma. Hakuna giza wala radi. Ilikuwa picha ya mapenzi, na kwa muda wa kupepesa jicho si hivyo tena.

Kona hii inapigwa kabla ya intavali kwa muda mrefu, na hapo ndipo ilipo tofauti yake na Fanaa. Fanaa inakupa robo saa ya kupumua. Baazigar inakuacha na muuaji unayempenda, na picha inaendelea kuimba. Nyimbo zinazofuata ni tamu vile vile, mchumba wa pili, Kajol, anacheka vile vile, na Johnny Lever anachekesha kwa vituko vyake. Kuanzia pale kila wimbo una sumu, maana sisi tunajua na yeye hajui. Kisasi kilichoko nyuma ya yote hayo huelezwa baadaye, na mtazamaji hujikuta anamhurumia mtu aliyemchukia saa moja iliyopita.

Wapi inaharibika? Vichekesho vya Johnny Lever vimewekwa karibu mno na mauti. Kwa waliozoea picha la Kihindi la miaka ya 1990 ni chumvi ya kawaida, kwa kijana wa leo ni gari lililopanda tuta. Usikate vipande hivyo. Wapo wanaotengeneza nakala fupi bila ya vichekesho wala nyimbo, wakidhani wanasaidia. Ukiondoa utamu, ukali haubaki ukali, unabaki ukatili mtupu, na picha haina tena kona yoyote.

Na usiweke mbele ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Damu ya mwisho ni nyingi, ila hata kabla yake, mtoto hushtushwa zaidi na lile la paa, kwa sababu mtu mzuri ndiye aliyefanya.

Kaho Naa... Pyaar Hai: kona ya wote

Ilitoka tarehe 14 Januari 2000, ikaongozwa na Rakesh Roshan, na ikamtoa mwanawe Hrithik, ambaye kwa picha hii moja alibeba tuzo mbili za Filmfare, ya anayeanza na ya mwigizaji bora. Rohit anauza magari na anaimba, anampenda Sonia wa nyumba kubwa. Anashuhudia mauaji, anakimbizwa, anaanguka majini na pikipiki yake, na hajui kuogelea. Intavali. Sehemu ya pili Sonia yuko New Zealand, na anakutana na mtu mwenye sura ile ile. (Watoto wa Malindi na Forodhani, wanaojitupa baharini tangu hawajaota meno ya pili, hushindwa kabisa kumsamehe Rohit kwa kutojua kuogelea.)

Kona imekaa pahala pake hasa, na haina ukatili wa Baazigar. Kasoro ni kuwa baada ya intavali picha haigeuki kuwa ya hofu mara moja. Inaanza mapenzi upya, na ngoma na mandhari, kisha uchunguzi wa nani kamuua Rohit unasukumwa kwenye sehemu ya mwisho. Kwa mtu anayetaka taharuki tupu, ni maji ya moto yaliyoongezwa baridi. Kwa familia yenye bibi, wajukuu na mashangazi, ni ya kwanza kuchagua bila ya wasiwasi. Urefu wake unakaribia saa tatu.

Vertigo: kona mbili, na ya pili ndiyo

Alfred Hitchcock, 1958, dakika 128. Mpelelezi mstaafu mwenye kuogopa urefu, James Stewart, anaombwa amfuatilie mke wa rafiki yake wa zamani, anayeigizwa na Kim Novak. Anamfuata San Francisco nzima, anampenda, na juu ya mnara wa kengele kunatokea msiba. Hiyo ni kona ya kwanza, karibu na katikati, na yeyote ataiona.

Ya pili ndiyo inayoitofautisha na zote. Mpelelezi amebaki mtu wa huzuni, anakutana barabarani na msichana wa dukani, Judy, aliyefanana na marehemu. Picha ikiwa imebakisha kama robo yake, Judy anakaa peke yake chumbani, anaandika barua, na sisi tunaelezwa siri yote. Mpelelezi haelezwi. Riwaya ya Kifaransa ya Boileau na Narcejac iliyotoa hadithi hii iliificha siri hadi mwisho. Hitchcock aliitoa mapema kwa makusudi. Siri ikifichwa hadi mwisho, unapata mshtuko wa dakika moja. Ikitolewa kabla, unapata taharuki ya kama nusu saa: kila anachomwambia avae, kila anavyomwambia afunge nywele, wewe unajua na unataka kupiga kelele. Angalia kuwa Baazigar imetumia ufundi huo huo miaka thelathini na mitano baadaye, ila kwa haraka na kwa nyimbo.

Kuna sehemu ya kukaa kimya kabisa. Judy amebadilishwa nguo, amebadilishwa nywele, anatoka bafuni katika chumba cha Hotel Empire, na taa ya nje ya hoteli imemwagia chumba kizima rangi ya kijani. Anatembea kutoka kwenye ukungu wa kijani kuja mbele, polepole, kama mtu anayerudi kutoka kaburini. Anayemngoja analia kwa furaha. Wewe unajua anacholilia. Hapo mapenzi na hofu haviko nusu kwa nusu tena, vimekuwa kitu kimoja.

Sasa la ukweli kwa anayechagua: katika dakika arubaini za kwanza kuna muda mrefu wa gari kufuata gari, maneno machache. Ukiweka mbele ya watu thelathini, kufika dakika ya ishirini watakuwa wanazungumza harusi ya jirani. Weka mbele ya watu wanane hadi kumi, ndani, giza kamili. Tafuta nakala iliyotokana na ukarabati wa mwaka 1996, kwa sababu rangi ndiyo inayosimulia. Nakala iliyofifia ikigeuza kijani kuwa kijivu, umepoteza nusu ya sehemu ile.

Something Wild: kwa wanaojifunza tu

Jonathan Demme aliitengeneza mwaka 1986. Mfanyakazi wa ofisini, Jeff Daniels, anatoka mkahawani bila ya kulipa, na mwanamke asiyemjua, Melanie Griffith, anamchukua kwenye gari. Ni vichekesho vya mapenzi hadi kwenye sherehe ya waliosoma skuli pamoja, pale anapotokea mume aliyetoka jela, Ray Liotta. Kuanzia hapo hakuna anayecheka. Ukitaka kuona kona inavyoandaliwa kwa mavazi, tazama wigi: anaanza na nywele nyeusi fupi na jina la Lulu, anazivua, anabaki na nywele za dhahabu na jina lake halisi, Audrey, kabla ya hatari kuingia. Mavazi yamegeuka kwanza, hadithi ikafuata.

Ina utupu na pingu za kitandani tangu mapema. Haiwekwi sebuleni kwa watu, na haiwekwi uani. Kwa watu wazima wanaosomea utengenezaji wa picha, ndiyo darasa bora kati ya hizi tano.

Usiku wenyewe

Isha hapa huadhiniwa kati ya saa moja na robo na saa mbili kasoro, kufuatana na mwezi. Ukianza saa mbili na robo na kutoa intavali ya robo saa, Fanaa inakwisha saa tano na dakika kumi na tisa. Kaho Naa na Baazigar ziweke kwenye saa tano na nusu. Vertigo bila ya kupumzika inakwisha saa nne na dakika ishirini na tatu. Kama una watu wa kurudi Fumba au Nungwi kwa daladala, au Wete kutoka Chake, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kabla ya stelingi yeyote.

Ikague nakala peke yako mchana. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi zimegawanywa faili mbili, na mkato haukufuata intavali bali umekatwa kati kwa kati ya urefu. Matokeo yake kona inaangukia dakika tatu baada ya faili ya pili kuanza, wakati watu wanatafuta viti. Iangalie hadi kona, andika dakika yake kwenye karatasi, na uamue mwenyewe wapi pa kusimamisha. Kwa Fanaa na Kaho Naa, simamisha baada ya kona, kamwe si kabla. Kwa Baazigar usisimamishe pale paani. Acha iende hadi intavali yake.

Jiepushe na nakala zenye mtafsiri anayesimulia juu ya sauti. Kwa picha ya ngumi zinachangamsha, lakini kwa picha ya siri, msimulizi hujua mwisho na ulimi wake hauna breki. Atamwita "muuaji wetu" nusu saa kabla ya paa. Maandishi ya chini ni bora, na yawe makubwa. Kwa picha yenye upana wa mita mbili na nusu ukutani, mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mita nane, vyenginevyo hasomi, na asiyesoma ndiye anayeuliza.

Projekta ijaribiwe kwa sehemu ya giza. Kila mtu huijaribu kwa wimbo, wimbo una mwanga mwingi, kila kitu kinaonekana kizuri. Picha hizi nusu ya pili huwa na vivuli zaidi, na projekta dhaifu huzigeuza kuwa kuta nyeusi zinazozungumza. Uani usiku, yenye mwanga wa lumeni 2,500 za kweli inatosha kwa upana ule. Zile ndogo za bei rahisi huandikwa maelfu juu ya boksi na mwanga hauonekani. Ikiwa huna budi kutumia dhaifu, chagua Fanaa: theluji yenyewe ni taa, inasamehe mengi. Vertigo haisamehe hata kidogo.

Sauti nayo vivyo hivyo. Ukiipima kwa wimbo utaipunguza, kisha nusu ya pili watu wananong'ona na hakuna anayesikia. Ipime kwa mazungumzo ya chini ya nusu ya pili, na wimbo ukija uvumilie. Wakati wa kusi, upepo wa usiku hupeperusha sauti na shuka. Weka spika upande upepo unakotoka ili sauti isukumwe kwa watu. Shuka la kitanda litacheza hata ukilibana vipi, hivyo tumia turubai jeupe lenye matundu ya chuma, ulifunge pembe nne na katikati ya kila upande.

Wanaochelewa wana madhara hapa kuliko kwenye picha nyengine. Anayeingia baada ya kona anaona picha ya vita au ya polisi, hana habari ya mapenzi, na ataanza kuwasimulia wenzake anachodhani. Mkalishe pembeni, umuelezee kwa sentensi mbili nje ya uwanja, kabla hajakaa.

Kama unataka ya kwetu

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ni mapenzi ya Denge na Yasmin ndani ya Zanzibar ya mwishoni mwa utawala wa Kiingereza, na polisi nyuma yao. Ilipelekwa na Tanzania kushindania Oscar. Hii haipigi kona. Mapenzi na hatari vimesukwa pamoja kama ukili, huwezi kuonyesha pahala kimoja kilipokwisha na chengine kuanza. Ni fupi kuliko zote hapo juu, mwendo wake ni wa polepole, na lugha haihitaji maandishi ya chini. Kwa wazee wanaoukumbuka Mji Mkongwe wa zamani, itangulie hii kabla ya nyengine yoyote. Kwa anayetaka hasa ule mshtuko wa kugeuziwa picha usoni, haitompa.

Kwa familia mchanganyiko, basi, Kaho Naa. Kwa watu wazima wenye moyo wa mapenzi na usiku mrefu, Fanaa. Kwa vijana wanaosema picha za zamani hazitishi, Baazigar, bila ya kuwaambia chochote. Kwa watu wanane waliotulia na kahawa, Vertigo.

Na umeme ukikatika, usirudi nyuma kwa kubahatisha. Ukikatika kabla ya kona, rudi dakika mbili tu. Ukikatika ndani ya dakika tano baada ya kona, rudi hadi mwanzo wa tukio la furaha lililotangulia, hata kama watu wananung'unika, kwa sababu mshtuko hauwezi kuanzia kwenye mshtuko. Kwa Baazigar, hapo ni wanapoingia ofisini kutaka kufunga ndoa. Kwa Vertigo, ni mpelelezi anapokutana na Judy barabarani, na hapo taa zote zizimwe kabla ya kuiwasha tena.